Ndege wa Jimbo, Msitu wa Taifa: Kupanga Safari ya Kuwinda Bata Mzinga Marekani

Aprili ikikaribia, maelfu ya Wamarekani hupakia mahema, bunduki na vifaa vya kuigia milio ya ndege, wakavuka mpaka wa jimbo lao kwenda kumtafuta bata mzinga wa porini kwenye ardhi ya umma. Wengi wao hupanga safari hiyo kinyumenyume. Huanza na likizo, wakafuatia malazi, na leseni huja mwisho. Hapo ndipo wanapogundua kwamba vibali viliisha tangu Januari, au kwamba kipande cha msitu walichokichagua kwenye ramani kimezungukwa na mashamba ya watu na hakina njia ya kuingilia. Fujo yote hii hunyooka ukianza na maswali mawili: ndege ni wa nani, na ardhi ni ya nani? Majibu yake hayafanani, na safari nzima inategemea tofauti hiyo.

Kwa msomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, au wa Tanzania, ambako uwindaji humfanya mtu afikirie vitalu vya kampuni na wageni wenye dola, mfumo wa Marekani huonekana wa ajabu. Huko fundi wa magari au nesi anaweza kununua leseni kwa simu, akaingia msituni peke yake alfajiri bila mwongozaji wala kampuni, na akarudi na kitoweo kihalali. Wako wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa kutoka Kongo na Burundi, wanaoishi katika miji ya Des Moines, Omaha na Kansas City, katikati kabisa ya nchi ya bata mzinga. Wenzao kazini huwaalika kwenye safari hizi, nao hawajui pa kuanzia.

Tuanze na ndege. Nchini Marekani mnyamapori hamilikiwi na mwenye shamba anamolala. Yuko chini ya dhamana ya jimbo kwa niaba ya wananchi, na jimbo ndilo linaloamua msimu, idadi ya ndege kwa mwindaji, aina ya silaha na bei ya leseni. Kwa hiyo leseni ya Iowa ukivuka kuingia Missouri haina kazi. Na kwa kuwa wakazi ndio wanaolipa kodi za jimbo mwaka mzima, majimbo humtoza mgeni zaidi, mara nyingi zaidi sana. Jambo hili liliwahi kufikishwa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1978, katika kesi ya Baldwin dhidi ya Tume ya Samaki na Wanyamapori ya Montana, wawindaji wa nje walilalamika kwamba walitakiwa kulipa dola 225 kwa leseni ya pamoja ambayo mkazi aliipata kwa dola 30. Mahakama ilisema uwindaji wa kujiburudisha si haki ya msingi ambayo katiba inalazimisha majimbo kuigawa sawa kwa wakazi na wageni. Mwaka 2005 Bunge la Marekani likatunga sheria ya kulitilia nguvu wazo hilo. Kwa hiyo mgeni anayenung'unikia bei anapoteza muda wake. Bei ya leseni ni gharama ya kwanza ya kuweka kwenye bajeti, kabla ya mafuta ya gari.

Binafsi naona malipo hayo yana haki yake. Bata mzinga aliwahi kukaribia kutoweka katika sehemu kubwa ya Marekani kwa sababu ya ukataji wa misitu na uwindaji wa kibiashara usio na mipaka. Missouri ilibaki na ndege wasiofika 2,500 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waliokolewa kwa kazi ngumu: maofisa waliwanasa ndege wa porini kwa nyavu zilizorushwa kwa mizinga midogo, wakawahamishia kwenye misitu iliyokuwa mitupu. Fedha za uhifadhi zilitoka kwenye leseni, na kwenye sheria ya mwaka 1937 iitwayo Pittman-Robertson, inayotoza kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi. Fedha hizo hugawiwa majimbo kwa kuangalia ukubwa wa eneo na idadi ya wenye leseni. Mwaka 1960 Missouri ilifungua tena msimu wa masika kwa siku tatu tu. Anayelipa leseni leo yumo ndani ya mnyororo huohuo.

Sasa ardhi. Maneno "ardhi ya umma" yanaficha wenyewe wengi. Kuna misitu ya taifa chini ya Huduma ya Misitu ya serikali kuu, ambako uwindaji unaruhusiwa kwa kawaida. Kuna hifadhi za taifa za ndege na wanyamapori, ambako ni marufuku mpaka eneo husika litangazwe wazi. Kuna mbuga za taifa, ambako kwa kawaida hairuhusiwi kabisa, ingawa mito ya Ozark iliyolindwa kwa sheria ya mwaka 1964, iliyoko kusini mwa Missouri na kusimamiwa na idara hiyohiyo ya mbuga, iko wazi kwa wawindaji. Kuna ardhi inayozunguka mabwawa, chini ya wahandisi wa jeshi. Kuna maeneo ya jimbo lenyewe, ambayo mengine yana bahati nasibu yake ya ndani. Na kuna mashamba ya watu binafsi ambayo jimbo limeyakodi ili umma uingie kwa miguu, kama mpango wa Kansas ulioanza mwaka 1995.

Hapo ndipo kanuni mbili zinapokutana juu ya kichwa cha mtu mmoja. Ukiwa ndani ya msitu wa taifa, serikali kuu inakuambia wapi gari lipite, wapi moto uwashwe na siku ngapi upige kambi. Ila saa ya kufyatua, na kama ndege uliyemlenga ni halali, ni la jimbo. Mpangaji makini husoma vitabu viwili vya kanuni, cha mwenye ndege na cha mwenye ardhi, na pakiwa na tofauti hufuata kilicho kikali zaidi.

Uchaguzi wa jimbo huanzia kwenye vibali. Wengine husafiri kwa sababu ya aina ya ndege: wa Osceola yuko rasi ya Florida peke yake, wa Merriam ni wa magharibi yenye milima na misonobari, wa Rio Grande ni wa nyanda kavu za Texas na Oklahoma, na wa Mashariki ameenea kwenye misitu ya nusu nzima ya mashariki. Ni hamu nzuri, lakini kwa safari ya kwanza ningeiweka kando nikatazama upatikanaji wa kibali. Nebraska, iliyokuwa kimbilio la kila mtu, mwaka 2023 iliweka kikomo cha vibali 10,000 kwa wageni. Iowa huwagawia wageni idadi ndogo kwa kanda, na maombi ni ya Januari. Kansas nayo imehamia kwenye bahati nasibu kwa wageni. Sababu ya kubana huku ni ya kweli: katika majimbo mengi ya kati na kusini vifaranga wanaofikia ukubwa wamepungua katika miongo ya karibuni, na wenye dhamana wakaanza kwa kupunguza watu wa nje. Mwezi wa kupanga safari ya Aprili, basi, ni Desemba.

Missouri yenyewe bado humuuzia mgeni kibali bila bahati nasibu, na ndiyo maana naitumia hapa kama mfano. Msimu wake huanza Jumatatu iliyo karibu zaidi na Aprili 21 na huchukua wiki tatu. Kibali kimoja kinaruhusu ndege wawili, lakini mmoja tu katika wiki ya kwanza, na kamwe si wawili siku moja. Ndege halali ni dume, au yeyote mwenye ndevu zinazoonekana, yaani kile kishungi cha manyoya magumu kinachoning'inia kifuani. Shotgani isibebe zaidi ya risasi tatu kwa jumla, na marisau, yaani punje ndogo zilizomo ndani ya risasi, yasizidi ukubwa wa namba 4. Kumbuka kwamba kwenye marisau namba ikipanda, punje inapungua, hivyo namba 5 na 6 zinakubalika. Vifaa vya umeme vya kuigia milio ni marufuku, na chambo vilevile: mahali palipomwagwa nafaka huhesabiwa kuwa na chambo hadi siku kumi zipite tangu nafaka iondolewe yote.

Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baadaye anatakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Cheti cha jimbo jingine kwa kawaida kinatambuliwa, kwa hiyo kichukue nyumbani kwako wakati wa baridi, wala usisubiri. Na kwa wahamiaji kuna jambo ambalo wenyeji hawatakuambia kwa sababu haliwahusu. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, kushika bunduki na risasi, isipokuwa akiwa na leseni halali ya uwindaji au msamaha mwingine uliotajwa na sheria. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, hayumo kwenye katazo hilo. Kama hadhi yako ina utata wowote, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla rafiki yako hajakupa bunduki uijaribu. Kosa la silaha kwa mhamiaji linaweza kumfukuzisha nchini, na hakuna ndege anayestahili hatari hiyo.

Njiani, bunduki ikae bila risasi, imefungwa, mahali pasipofikika kwa urahisi kutoka kwenye kiti. Sheria ya mwaka 1986 humlinda msafiri anayepita majimbo yenye masharti makali akiwa amefuata hivyo, mradi anakotoka na anakokwenda ana haki ya kuwa nayo. Kwa ndege ya abiria, bunduki hutangazwa kwenye kaunta na kusafirishwa kama mzigo ndani ya sanduku gumu lenye kufuli.

Mark Twain ndio msitu wa taifa pekee wa Missouri, ekari milioni 1.5 hivi, zilizotawanyika vipande vipande kwenye vilima vya Ozark kusini mwa jimbo. Huo utawanyiko ndio mtihani. Kwenye ramani ya kijani unaona msitu mmoja mkubwa. Ukifika unakuta kipande cha umma, kisha malisho ya ng'ombe ya mtu, kisha umma tena. Missouri mwenye ardhi hahitaji kuweka kibao: alama ya rangi ya zambarau kwenye mti au nguzo ina nguvu ya kisheria sawa na maandishi ya kukataza kuingia. Ukiona zambarau, geuka. Programu ya ramani inayoonyesha mipaka ya umiliki ni ununuzi bora kuliko bunduki mpya, mradi upakue ramani kabla ya kuondoka, kwani mabonde ya Ozark hayana mtandao. Chukua pia ramani ya Huduma ya Misitu inayoonyesha barabara zilizo wazi kwa magari. Barabara nyingi za ndani zina mageti.

Magharibi zaidi kuna fundo gumu zaidi. Ruzuku za ardhi zilizotolewa kwa reli katika karne ya 19 ziliacha viwanja vya umma na vya binafsi vikipishana kama ubao wa drafti, na viwanja vya umma vinagusana kwenye pembe tu. Je, ukivuka pembe moja kwenda nyingine bila kukanyaga shamba la mtu, umeingia kwake kwa kupita hewani? Wawindaji wanne kutoka Missouri walivuka hivyo Wyoming kwa kutumia ngazi, wakashtakiwa, na baraza la wazee wa mahakama likawaachia mwaka 2022. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya serikali kuu ya mzunguko wa kumi, yaani kundi la majimbo ambalo Wyoming imo, ikawapa ushindi pia katika kesi ya madai. Ushindi huo unahusu majimbo ya mzunguko huo. Kwingineko usijaribu.

Tukija kwenye swali la wiki gani uende, hapa ndipo maisha ya ndege yenyewe yanapoamua. Mwanzoni mwa masika makundi ya baridi huvunjika, madume huanza kuita kutoka kwenye miti wanakolala, huvimba, hutandaza mikia na kuburura mabawa mbele ya majike. Wakati huo dume ana majike karibu naye, na mlio wako wa kuigiza ni wa jike mmoja zaidi asiyemhitaji. Atakujibu kwa sauti, kisha atawafuata anaowaona. Siku zinavyokwenda, majike huanza kutaga na kisha kuatamia kwa takriban siku 28. Huondoka mapema asubuhi kwenda viotani, na dume hubaki peke yake. Dume wa namna hiyo, ikifika saa nne asubuhi, anaweza kutembea mbali kufuata sauti ya jike.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ina ndege wasiosumbuliwa bado, lakini ina watu wengi kwenye kila maegesho. Wiki ya mwisho ina ndege waliokwisha kusikia kila aina ya mlio na majani yameshafunga macho msituni, lakini watu wamerudi makazini na madume wako wapweke. Kwa ardhi ya umma mimi ningechagua kuanzia Jumatatu au Jumanne ya wiki ya pili, na nisingeona wivu kwa waliofungua msimu. Utulivu wa msitu una thamani kubwa kuliko siku ya kwanza.

Mahali penyewe hutafutwa kwa simu kabla ya miguu. Kila kaunti ya Missouri ina ofisa wake wa uhifadhi, na kila wilaya ya msitu wa taifa ina ofisi. Usiulize "ndege wako wapi", kwa sababu swali hilo kila mgeni analiuliza. Uliza ni sehemu zipi zilichomwa moto wa makusudi mwaka huu na mwaka jana. Huduma ya Misitu huchoma majani makavu ili kurudisha nyasi, na kwenye majivu hayo huchipua majani mabichi yanayoleta wadudu, nao wadudu huleta bata mzinga. Weka alama sehemu nne au tano kama hizo, kila moja na maegesho yake. Ukifika alfajiri ukakuta gari la mtu, endelea hadi ya pili. Kumzunguka mwenzio aliyetangulia ni utovu wa adabu, na msituni ni hatari pia.

Kwenye ardhi ya umma ya Missouri ufyatuaji huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuisha saa saba mchana. Tangu mwaka 2024 mashamba binafsi yanaruhusiwa hadi machweo, na wageni wengi hunaswa na tofauti hiyo baada ya kusikiliza maelezo ya mwenyeji anayewinda kwa shangazi yake. Ikipita saa saba, acha bunduki kwenye gari na utumie mchana kutembea: tafuta nyayo kwenye udongo wa barabara, alama za mabawa yaliyoburuzwa, majani yaliyochakuliwa. Jioni simama juu ya kilima usikilize wanakopandia kulala. Hiyo ndiyo kazi inayoleta ndege wa kesho, na mtu mwenye siku nne tu hawezi kuikwepa.

Usalama unastahili muda mrefu kuliko bunduki na nguo. Uwindaji huu ni wa watu waliovaa rangi za msitu, waliojificha, wakitoa sauti za ndege, wakiwasikiliza watu wengine wanaofanya vilevile. Kichwa cha dume wa masika kina nyekundu, nyeupe na buluu. Kwa hiyo usivae wala usitoe mfukoni kitu chochote chenye rangi hizo, hata leso, hata soksi. Kaa ukiegemea mti mpana kuliko mabega yako, ulio mrefu kuliko kichwa chako, ili nyuma kusiwe na njia ya marisau. Usimnyemelee ndege unayemsikia, kwani anayelia anaweza kuwa mwindaji mwenzio au ndege wa bandia aliyewekwa mbele yake. Ukimwona mtu anakuja, usipunge mkono na usipige mlio wa ndege. Sema kwa sauti ya kawaida ya binadamu, kubwa na wazi, na ubaki umetulia. Ukihama au ukibeba ndege uliyempata, mfunike kwa kitambaa cha rangi ya machungwa iliyokolea.

Kisha kupe. Ozark kumejaa kupe, na yule wa lone star, mwenye doa jeupe mgongoni kwa jike, anaweza kumwachia mtu mzio wa nyama nyekundu: ng'ombe, mbuzi, nguruwe. Kwa familia inayokula nyama choma hilo ni badiliko la maisha. Nyunyizia nguo na buti dawa ya pamethrini siku moja kabla, ziache zikauke, chomeka suruali ndani ya soksi na ujikague mwili mzima kila jioni.

Malazi hayana utata. Mark Twain inaruhusu kupiga kambi sehemu nyingi hadi siku 14, ilhali maeneo ya jimbo kila moja lina masharti yake. Lete nguo za baridi na za mvua, kwa sababu usiku wa Aprili unaweza kukaribia sifuri na mchana ukaleta dhoruba, na ujue ni jengo gani la karibu utakalokimbilia kimbunga kikitangazwa.

Ukipata ndege, kabla ya kumpiga picha kata alama ya mwezi na siku kwenye kibali, au fanya hivyo kwenye programu ya simu ya jimbo. Kichwa na manyoya yake vibaki hadi utoe taarifa yake kwa jimbo, na taarifa hiyo itolewe siku hiyohiyo kabla ya saa nne usiku. Hapa ukosefu wa mtandao unageuka kuwa suala la sheria: ujue mapema ni kilima gani au mji gani wenye mawasiliano, na uhesabu muda wa kufika huko. Nambari ya uthibitisho utakayopewa iandike kwenye kibali. Ndege aliyepatikana kinyume cha kanuni za Missouri akivuka mpaka kwenda Iowa au Illinois anageuka kuwa kosa la serikali kuu chini ya Sheria ya Lacey ya mwaka 1900, na majimbo karibu yote yamo katika mkataba wa kutambua adhabu za wenzao, hivyo leseni ikifutwa huko inaweza kufutwa na kwenu.

Ukishapewa nambari hiyo ya uthibitisho, mtoe ndege matumbo mara moja na umweke kwenye barafu, kwa sababu mchana wa mwisho wa Aprili unaweza kuwa na joto la kuharibu nyama. Kifua ni chepesi na hupikwa haraka. Mapaja na miguu ya ndege aliyetembea milima maisha yake yote ina mishipa migumu, na wengi huiacha, jambo linalonisikitisha. Ipike taratibu kwa saa tatu au nne na kitunguu, tangawizi na nyanya, uongeze tui ukitaka, mpaka nyama iachane na mfupa. Mchuzi wake unastahili wali au ugali.